Mchoro wenye mchanga, nyasi na magazeti ndani yake: Joan Eardley, Uskoti, na kile unacholipia ukinunua mchoro halisi

Brashi Pana (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila nikiweka hapa picha za michoro ya huku Uskoti ninakoishi, swali ni lile lile. Kwa nini mtu alipe mamia ya paundi kwa ubao uliopakwa rangi, ukabandikwa vipande vya gazeti na kumwagiwa mchanga, wakati nakala ya kuchapwa ya picha hiyo hiyo inauzwa bei ya chakula cha mchana? Leo nijibu kwa kirefu, na nitamtumia mchoraji mmoja ninayempenda kuliko wote wa nchi hii.

Joan Eardley alizaliwa 1921 katika kijiji cha Warnham, kusini mwa Uingereza. Mama yake alikuwa na asili ya Uskoti. Wakati wa vita familia ilihamia upande wa Glasgow, na 1940 binti akaanza masomo Glasgow School of Art. Alifariki Agosti 1963 kwa saratani ya matiti, akiwa na miaka 42 tu. Mwaka huo huo alikuwa amepewa uanachama kamili wa Royal Scottish Academy, chama cha wasanii kilichoanzishwa 1826. Majivu yake yalimwagwa ufukweni Catterline, na Catterline ndiko ninakotaka kuwapeleka. Lakini tupitie Glasgow kwanza.

Glasgow alichukua studio mtaa wa Townhead. Ulikuwa mtaa wa maghorofa ya kupanga yaliyochakaa, familia zimesongamana, watoto kutwa nzima barabarani. Watoto hao walizoea kuingia studio kwake, wengine wamebeba wadogo zao mgongoni. Familia moja tu ya mtaa ule ilikuwa na watoto kumi na wawili, na aliwachora kwa miaka. Hakuwachora wakiwa wamepangwa na kuchanwa nywele. Aliwachora na masweta yaliyovutika mikono, magoti yamechubuka, wamekumbatiana au wanasoma katuni pamoja. Nyuma yao kuna ukuta ulioandikwa chaki.

Ukuta huo ndio kiini cha uzi huu. Mwanzoni aliuchora kwa rangi peke yake. Baadaye akaanza kubandika vitu vya mtaa wenyewe: kurasa za magazeti, karatasi za pipi, karatasi za kung'aa. Mchoro wake unaoitwa Children and Chalked Wall 3, wa mwaka 1962 au 1963, una rangi ya mafuta, gazeti na karatasi ya metali juu ya kanvasi. Uko kwenye hazina ya taifa ya sanaa, Edinburgh. Ukisimama mbele yake unaona maandishi ya gazeti yakichungulia kati ya michirizi ya rangi nyekundu, na hujui mwisho wa ukuta ni wapi na mwanzo wa watoto ni wapi. Miaka ile ile ya sitini mtaa ulikuwa unabomolewa kupisha majengo mapya na barabara kuu. Kwa hiyo zile karatasi ni mabaki ya Townhead iliyokuwa hai, zimeshikiliwa na gundi na rangi.

Sasa Catterline. Ni kijiji kidogo cha wavuvi kusini ya Stonehaven, pwani ya mashariki: safu ya nyumba juu ya genge, chini yake ghuba ndogo, mitumbwi na nyavu za samaki aina ya salmoni zikianikwa kwenye nguzo. Eardley alifika kule mwanzoni mwa miaka ya 1950, akapata nyumba isiyo na umeme wala maji ya bomba, na tangu hapo maisha yake yakawa kati ya huko na Glasgow. Dhoruba ikivuma wengine wanafunga madirisha, yeye anatoka. Alichora nje, kwenye upepo unaoangusha mtu mzima, stendi yake ameifunga kwa kamba isipeperuke. Alitumia mbao kubwa za hadibodi, zenye upana wa karibu mita mbili, na rangi ya kupakia mashua alipotaka rangi nyingi kwa haraka.

The Wave ni wa 1961. Orodha ya vifaa vyake inasema rangi ya mafuta na changarawe juu ya hadibodi. Seeded Grasses and Daisies, September, wa 1960, una nyasi zenyewe na vichwa vya mbegu vimezama ndani ya rangi. Ni nyasi za shamba alilokuwa amesimama, zilizoingia mchoroni siku zile. Ukiutazama kwa ubavu, mashina yanatokeza na kutupa vivuli vidogo, na vivuli hivyo vinahama kadiri mwanga wa chumba unavyobadilika.

Hapo ndipo jibu langu lilipo. Nakala ya kuchapwa inakupa rangi na umbo. Haikupi changarawe. Haikupi ule mgongo wa rangi ulioachwa na kisu, unene wa kidole, wala haikupi shina la nyasi. Kamera inabadili vyote hivyo kuwa doa jeusi kando ya doa jeupe. Kwa mchoro wa rangi nyembamba ya maji, nakala nzuri inaweza kukaribia asili. Kwa mchoro wa vifaa mchanganyiko haikaribii hata nusu, kwa sababu nusu ya kazi ni kitu unachoweza kukigusa (ingawa msiguse).

Wachoraji wengi wa pwani ile leo wanatumia lugha hiyo: mchanga, nguo kuukuu, ramani za bahari, karatasi za barua, kutu. Wengine wanafanya kwa sababu inapendeza sokoni, na kazi yao unaijua kwa kuwa ukitoa karatasi hakuna kinachopungua. Wengine wanafanya kwa sababu hawakuona njia nyingine. Mnunuzi anatakiwa kujifunza kuwatofautisha, na njia ni kusimama mbele ya kazi nyingi. Agosti kuna tamasha la sanaa Pittenweem, mji wa wavuvi mkoani Fife, ambako wenyeji hufungua nyumba, gereji na vibanda vyao kuwa maonyesho. Unaongea na mchoraji mwenyewe jikoni kwake. Muulize mchanga umetoka wapi. Mwenye kazi ya kweli atakuonyesha kwa kidole dirishani.

Karibuni tujadili.

---

Mkeka wa Ukindu

Naketi hapa hapa. Ile sehemu ya watoto wa Townhead imenigusa sana, asante kwa kutuandikia.

---

Ghorofa ya Tatu

Dada Brashi, nina swali la kizembe kidogo. Gazeti si linaoza? Mimi gazeti nililofungia vitabu vya shule lilikuwa la njano ndani ya mwaka mmoja. Sasa mtu anauza mchoro wenye gazeti kwa bei ya pikipiki, halafu baada ya miaka kumi?

---

Brashi Pana

@Ghorofa ya Tatu, hilo ndilo swali la kwanza ambalo mnunuzi anatakiwa kuuliza.

Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa massa ya mbao ambayo hayakusafishwa sana. Ndani yake kuna lignini, ile inayoupa mti ugumu, na ikipigwa na mwanga na hewa inageuka njano kisha kahawia, huku asidi ikiila karatasi mpaka inakatika. Kwa Eardley hakuna namna, gazeti ni gazeti, na makumbusho yanamtunza kwa mwanga hafifu na hewa inayopimwa. Mchoraji wa leo ana nafasi zaidi. Anaweza kutumia karatasi isiyo na asidi, au kuchapa picha ya gazeti juu ya karatasi hiyo, au kulizamisha gazeti kati ya matabaka ya akriliki (rangi ya plastiki inayochanganywa na maji) ili hewa isilifikie kwa urahisi. Mwanga bado utapita, kwa hiyo usiutundike mkabala na dirisha.

Jambo la pili ni mpangilio wa rangi. Rangi ya mafuta juu ya akriliki iliyokauka inakaa. Akriliki juu ya rangi ya mafuta inabanduka, kwa kuwa haipati pa kushika. Ukiona mchoro mpya una vigamba vinavyoinuka pembeni, mara nyingi sababu ni hiyo, au rangi ilipakwa juu ya ubao usioandaliwa. Na rangi ya mafuta iliyorundikwa nene haikauki wiki moja, ndani inaweza kubaki laini miezi mingi. Mchoraji akikuambia subiri kabla ya kupaka vanishi, mshukuru.

---

Fundi Fremu wa Kisauni

Niongeze la ufundi, nafanya fremu hapa Mombasa.

Kazi yenye mchanga au karatasi iliyotuna usiibane na kioo. Kioo kikigusa uso wa mchoro, unyevu unakwama pale na rangi inashika kioo, siku ukifungua inatoka na ngozi. Tunaweka kipande chembamba cha mbao kuzunguka ndani ya fremu ili pawe na nafasi. Huku kwetu pwani nyuma ya mchoro napo pahitaji kupumua. Gundisha vipande vidogo vya kizibo kwenye pembe za chini za fremu, hewa ipite kati yake na ukuta. Ukuta wa nje unaopigwa na mvua za masika usiutumie kabisa, ukungu unaanzia nyuma na utakapouona mbele umechelewa.

Na mchoro wenye nyasi au mbegu ukaguliwe kila baada ya miezi michache. Mbegu ni chakula, wadudu hawajui kama ni sanaa.

---

Brashi Pana

@Fundi Fremu, Mungu akubariki. Hayo ya kizibo watu wayaandike.

---

Mtoto wa Kigamboni

Mimi nitapinga kidogo kwa heshima. Mnazungumzia nakala kama takataka. Mtu wa mshahara wa kawaida hawezi mchoro halisi, nakala ndiyo inayomfikishia sanaa sebuleni. Na yupo Mskoti mwingine, Jack Vettriano, ambaye jina lake lilijengwa na nakala. Mbona humtaji?

---

Brashi Pana

@Mtoto wa Kigamboni, nakala si takataka, na asante kwa kumleta Vettriano, maana anafaa sana hapa.

Alizaliwa Fife 1951, akaacha shule akiwa kijana na kufanya kazi kwenye mgodi wa makaa ya mawe. Uchoraji alijifundisha mwenyewe. The Singing Butler, ule mchoro wa wawili wanaocheza dansi ufukweni huku wahudumu wameshika miamvuli, ulikataliwa kwenye maonyesho ya kiangazi ya Royal Academy kule London mwaka 1992. Mabango na kadi zake zikaenea kila duka. Kisha 2004, mnadani Sotheby's, mchoro halisi ukauzwa paundi 744,800. Vettriano alifariki 2025.

Ona mambo mawili. Kwanza, nakala hazikuishusha bei ya asili, zilimtengenezea umaarufu. Pili, uso wa michoro yake ni laini, rangi imelazwa bapa, ndiyo maana bango linaubeba vizuri. Chapisha bango la The Wave uone kinachobaki. Kwa hiyo kama pesa ni kidogo na unapenda Vettriano, nunua bango bila aibu. Kama unapenda kazi ya mchanga na nyasi, weka akiba upate kitu kidogo lakini halisi, hata cha ukubwa wa kiganja.

Halafu kuna kitu cha katikati ambacho wengi hawakijui. Si kila kilichochapwa ni nakala. Mchoraji akichonga ubao wa mti au sahani ya shaba, akaipaka wino na kuchapa mwenyewe karatasi thelathini, kila moja ni kazi asilia. Hakuna mchoro mwingine uliopigwa picha, sahani ile ndiyo mchoro. Namba kama 7/30 chini ya karatasi inakuambia ni ya saba kati ya thelathini. Uskoti ina karakana nzuri za kazi hii zilizo wazi kwa wasanii wote: Edinburgh Printmakers tangu 1967, Glasgow Print Studio tangu 1972, na Peacock hapa Aberdeen tangu 1974. Tatizo ni wauzaji wanaochukua picha ya kamera, wakaitoa kwa mashine ya wino, wakaandika 7/250 kwa penseli na kuiita toleo maalumu. Namba hiyo si uongo, ila kilicho mkononi mwako ni picha ya mchoro. Uliza swali moja: "Je, kuna mchoro halisi mahali pengine ambao hii imenakiliwa?" Jibu litakuambia bei inayostahili.

---

Wakili wa Mtaa

Hiyo paundi 744,800 mchoraji alipata ngapi?

---

Brashi Pana

@Wakili wa Mtaa, kwa sheria, hakuwa na haki ya senti. Mchoro ulikuwa umeshauzwa zamani, anayeuza mnadani ni mmiliki. Uingereza ilianza haki ya mchoraji kupata fungu la mauzo ya baadaye Februari 2006, yaani sheria ilichelewa kwa miaka miwili. Na hata ingekuwepo, sheria iliweka ukomo: fungu ni asilimia 4 kwenye 50,000 za kwanza, linapungua hatua kwa hatua kadiri bei inavyopanda, na haliwezi kuvuka 12,500 kwa mauzo moja (hesabu ilikuwa kwa euro, tangu 2024 ni kwa paundi).

Tangu 2012 warithi wa wachoraji waliofariki nao wanalipwa, kwa miaka 70 baada ya kifo. Kwa Eardley ina maana mpaka mwisho wa 2033. Mwanamke aliyeishi kwenye nyumba isiyo na bomba, akishikilia mbao kubwa kwenye upepo, leo kazi zake zinagombewa, na angalau waliobaki wanapata kitu. Mimi naona sheria hii ni ya haki kabisa, na ukomo wake ni mdogo mno.

---

Nairobi Jioni

Kenya tuliingiza haki hiyo kwenye sheria ya hakimiliki mwaka 2019, asilimia 5 ya bei ya mauzo. Wasanii wenzangu, andikeni kumbukumbu za kazi zenu: picha, ukubwa, mwaka, nani alinunua. Bila kumbukumbu hutajua mchoro wako umeuzwa tena, na haki ya karatasini haitakufikia.

---

Hadibodi

Jina langu linajieleza, nimekulia kwenye kazi za Tingatinga. Nimefurahi kusikia bibi huyo alichora juu ya hadibodi kwa rangi ya mashua, kwa sababu Edward Saidi Tingatinga alianza Dar mwaka 1968 na hadibodi hizo hizo na rangi za kung'aa za dukani. Wote walichukua kilichokuwepo kwenye maduka ya vifaa.

Ila rangi hizo zinatenda tofauti. Yetu tunailaza bapa, inajisawazisha yenyewe na kung'aa kama sahani. Yeye anaonekana aliivuruga makusudi. Swali langu kwa mwanzisha uzi: hadibodi zake hazipindi? Zetu zikipata unyevu upande mmoja zinajikunja.

---

Brashi Pana

@Hadibodi, nimefurahi wewe kuja. Hadibodi kubwa hupinda kokote, Uskoti hata Dar. Dawa ni kupigilia fito za mbao nyuma, kuzunguka na katikati, na kupaka rangi ya msingi pande zote mbili na kwenye kingo, ili unyevu usiingie upande mmoja tu. Kingo ndizo zinazosahaulika, na ndizo zinazokunywa maji kwanza. Ukinunua ubao, ugeuze utazame nyuma kabla hujatazama bei.

---

Mama Pili wa Leicester

Wanangu, nipo Uingereza miaka mingi na sijawahi kununua mchoro, naogopa hata kuingia kwenye hizo galari, kumbi za kuuzia sanaa. Mshahara wangu ni wa kazi ya usafi. Naona kama si mahali pangu.

---

Brashi Pana

Shikamoo mama. Ni mahali pako, na kuingia ni bure. Hakuna anayetakiwa kukuuliza kama unanunua. Ukiona kitone chekundu pembeni ya mchoro, maana yake umeshauzwa. Usipoona bei, omba orodha mezani.

Kuna mpango unaitwa Own Art, unaopatikana kwenye galari nyingi za Uskoti na Uingereza zilizojiunga. Unakopa kuanzia paundi 100 kununua kazi ya msanii aliye hai, unalipa kwa miezi kumi, bila riba hata senti. Wanakagua uwezo wako wa kulipa kama mkopo mwingine, kwa hiyo chukua kile tu usichokuwa na wasiwasi nacho. Kwa paundi 150 unalipa 15 kwa mwezi. Galari inapata pesa yake mapema, na mchoraji naye haishi kwa ahadi. Na ujue kwamba galari hukata mara nyingi asilimia 40 hadi 50 ya bei, ndiyo inayolipa kodi ya jengo na mshahara wa yule anayekukaribisha. Kwa hiyo bei ikikushtua, kumbuka nusu tu au zaidi kidogo ndiyo inamfikia mwenye brashi, na humo humo ametoa fremu na rangi.

---

Mama Pili wa Leicester

Marahaba mwanangu. Nitaingia Jumamosi.

---

Kasha la Zanzibar

Nimepata kazi moja ninayoitaka kutoka kwa mchoraji wa huko Fife, ndogo tu, rangi na mchanga juu ya ubao. Nataka iletwe Unguja. Nimwombe nini kabla sijatuma pesa?

---

Brashi Pana

@Kasha la Zanzibar, hongera. Mwombe picha tatu zaidi: moja ya ubavuni mwanga ukitoka upande mmoja, ili uone mchanga umetuna kiasi gani, moja ya nyuma, na moja ya sahihi. Mwombe karatasi aliyosaini yenye jina la kazi, mwaka, vipimo na kila kifaa kilichomo, mpaka aina ya gundi. Hiyo karatasi ndiyo itakayomsaidia fundi siku mchanga ukianza kuchomoka, na ndiyo utakayoonyesha forodhani pamoja na risiti. Waulize forodha ushuru kabla mzigo haujaondoka, si ukishafika.

Kuhusu kufunga, asiweke plastiki yenye mapovu ikigusa uso wa mchoro. Kwenye joto la safari mapovu yanaacha alama za duara juu ya rangi. Kwanza karatasi laini isiyoshika rangi, halafu fremu ya muda ya kadibodi inayoinua kifuniko juu ya mchanga, kisha plastiki, kisha sanduku la mbao. Na aandike tarehe aliyomaliza kuchora. Kama ni mwezi uliopita na rangi ni ya mafuta nene, mwambie akae nayo kwanza, utaipokea baada ya kaskazi.